Naomba ushauri: miche ya saladi inarefuka na kulala

Wakuu, naomba ushauri. Mbegu za saladi nimezisia kwenye trei ndani ya nyumba, baridi ikielekea kuisha, nikazifunika udongo laini milimita 3 tu maana zinataka mwanga. Joto ni nyuzi 18 (likizidi 25 nyingi hugoma kuota). Siku ya 5 zikatoka, ila sasa mashina ni meupe, membamba kama uzi, yote yameinamia dirishani. Hiyo ni njaa ya mwanga, sina ubishi. Taa ya LED sentimita 15 juu yake, saa 14 kwa siku, itatosha? Na miche iliyokwisha kurefuka, nikiihamisha niifukie hadi chini kidogo ya majani ya kwanza, au shina litaoza? Michache imeshasinyaa shingoni, pale inapogusa udongo, ikaanguka. Maji natia sinia la chini, kila asubuhi. Au ndiyo yamezidi?