Mrejesho: vile vidoa kwenye picha za Bagamoyo

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini picha zangu za majahazi pale ufukweni Bagamoyo zina vidoa vya kijivu angani, palepale kila picha, hata nikibadili lenzi. Mkasema ni vumbi kwenye sensa, yaani kile kibao ndani ya kamera kinachonasa picha. Kweli.

Nilipiga picha ukuta mweupe kwa f/22, yaani tundu la lenzi likiwa dogo sana, vikaonekana saba. Kwa f/4, tundu likiwa kubwa kama ninavyopiga harusini, hata kimoja hukioni, ndiyo maana picha za harusi hazikuwahi kuniumbua.

Nikaiweka kamera kwenye hali ya kusafisha, mdomo wake (pale lenzi inapokaa) chini, nikapuliza kwa pampu ya mpira. Sita vikatoka. Cha saba, kona ya juu kulia ya picha, kikagoma. Kumbe kwenye sensa kiko chini, maana picha huingia kichwa chini miguu juu, nami nilikuwa napuliza juu! Hata nilipolenga vizuri hakikutoka. Fundi wa Dar akakifuta kwa kijiti chake chenye kitambaa na dawa, akasema ni mate yaliyokauka. Nakiri, kabla ya kuwauliza nilishapuliza kwa mdomo.

Jumamosi nikaenda magofu ya Kaole. Sasa nikibadili lenzi ni kwa tahadhari: nazima kamera, naupa upepo mgongo, kifuniko cha nyuma cha lenzi ya pili nimeshakilegeza, kamera inaning'inia mdomo chini. Mke wangu kanikinga kwa khanga, watoto waliokuwa wakipita wakacheka wakidhani nabadili suruali. Jioni nikapiga tena ukuta: safi.