Mrejesho: wastaafu na upandaji mikoko, Lamu

Assalaam aleikum jamani. Niliuliza sisi wastaafu tujitolee kazi gani hapa Lamu, na mbona miche ya mikoko hufa. Ahsanteni sana, hasa mliosema tungoje maji mafu, siku bahari haijai sana, bamvua (maji makuu) lisije likazoa kila kitu.

Tuliokota mbegu za mkoko zenye pete ya manjano shingoni tu, maana changa huoza. Tukazichomeka wima topeni, theluthi chini, mita moja kwa mita moja. Ndani ya hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, zimeshika, na zina majani mawili mawili yanayong'aa. Ukingoni penye mawimbi karibu zote zimeng'oka. Pale ni mahali pa mlilana, aina nyingine ya mikoko.

Na raha yenyewe: vijana wanatuuliza majina ya miti, nasi twawajibu.