Mtoto wa awali anasema korosho zimeongezeka: ana tatizo?

mwl_wa_Newala:
Habari za jioni wakuu. Darasa la awali, miaka 5 na 6. Nikipanga korosho safu mbili, saba kwa saba, wanakubali ziko sawa. Nikiziachanisha za safu moja, wengi wanasema hizo ndizo nyingi, hata wanaohesabu mpaka 20. Mzazi mmoja anauliza kama mwanawe ni mzito wa kuelewa. Nimjibu nini?

Babu_Mikindani:
Mwambie hana tatizo. Mwanasaikolojia Mswisi Jean Piaget (1896–1980) aliita umri wa miaka 2 hadi 7 hatua ya kabla ya utendaji wa kimantiki. Mtoto anashika jambo moja tu, urefu wa safu, na nafasi zilizoongezeka katikati hazioni. Wala hawezi kuirudisha safu kichwani ilivyokuwa. Kutaja namba hadi 20 hakumsaidii hapo, maana anaweza kuzikariri bila kujua kwamba idadi haibadiliki kwa kupanguliwa.

Halafu, achana na korosho. Zilizobanguliwa zitaliwa, na maganda ya zile ghafi yana mafuta yanayounguza midomo. Komwe za bao zinatosha.

Saikolojia_Lindi:
Naongeza: tatizo linaweza kuwa kwenye kipimo chenyewe. Ukiuliza "ziko sawa?" kabla na baada ya kuzisogeza, mtoto hudhani jibu la kwanza lilikuwa kosa, analibadilisha ili akuridhishe. Mwaka 1974 watafiti McGarrigle na Donaldson walifanya mwanasesere dubu "mtukutu" ndiye avuruge safu badala ya mtu mzima, na watoto wengi zaidi wa miaka 4 hadi 6 walijibu sawasawa.

Kwa hiyo: panga mbele yake, sogeza kama kwa bahati mbaya, uliza mara moja tu, baada ya kusogeza. Kama nyumbani ni Kimakonde, muulize kwa Kimakonde. Kisha "kwa nini?", hapo ndipo penye kipimo. Jibu la "hujaongeza wala hujapunguza", au "ukizirudisha zitalingana", au "hizi ndefu ila zimeachana" linaonyesha kaelewa. Akisema "sawa" akanyamaza, usimhesabu bado.

mwl_wa_Newala:
Asanteni sana. Yupo aliyepata kwenye safu na kueleza vizuri, ila maji ya bilauri nilipoyamimina kwenye chupa nyembamba akasema yamezidi. Alibahatisha?

Babu_Mikindani:
Hapana, haviji pamoja. Kwa kadirio la Piaget, idadi huja kwenye miaka 6 au 7, maji karibu na 7, uzito wa donge la udongo lililobonyezwa 9 au 10, ujazo, yaani nafasi ambayo donge linachukua, 11 au 12. Wengine hutangulia, wengine huchelewa.

Usimkaririshe jibu. Mkalishe na mwenzake aliyepata, wabishane, wamimine wenyewe na kurudisha maji kwenye bilauri. Nawe usimtangaze mshindi.