Buku limeskaniwa, diski imekufa. Nimdai nani?

Jamani, leo salamu baadaye. Nina hasira tangu Jumatatu na nisipozitema zitanipasua.

Mimi nina saiba hapa Majengo, Mombasa, kompyuta nne na printa moja yenye kikohozi. Kazi yangu ya kila siku ni kuwajazia watu fomu za serikali. Jumatatu nikafunga, nikaenda ofisi moja ya umma hapa kisiwani (siitaji, wenyewe wanajijua) kufuata kumbukumbu ya kuzaliwa ya marehemu baba. Binti ya kaka yangu anachukua kitambulisho, akaambiwa alete karatasi ya babu yake. Watu wa Pwani mnaijua hiyo shughuli ya kuthibitisha uraia, sina haja ya kueleza.

Karani akaniambia, "Kaka, lile buku lilishaskaniwa." Alhamdulillahi, nipe nakala. "Diski iliharibika." Haya, nipe buku lenyewe. "Lilipelekwa stoo, na stoo inavuja."

Nikang'ang'ania. Wakalitoa. Jalada la kijani, kurasa zimegandana kama mkate wa mofa uliomwagikiwa mchuzi, wino wa buluu umetambaa hadi pembeni. Karani akabandua ukurasa mmoja kwa kucha, ukatoka nusu. Nilichoweza kusoma ni "Mw". Mw nani? Mwanajuma? Mwinyi? Binti wa watu amesimama pembeni ananiuliza, "Ami, basi mimi si Mkenya?"

Sasa nisikilizeni. Kuskani si kuhifadhi. Kuskani ni kupiga picha tu. Kuhifadhi ni kuwa na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali na jengo hilo ili moto au mvua isizoe zote. Halafu kuna mtu wa kuzifungua kila baada ya muda kuona kama bado zinafunguka, maana diski haipigi kelele ikifa. Hata aina ya faili ina utaratibu wake: PDF/A ipo tangu 2005, ilitengenezwa makusudi kwa nyaraka za kukaa miaka mingi. Haya nayajua mimi mwenye saiba ya uchochoroni! Na diski ya pili sidhani inafikia bei ya chai na sambusa za warsha moja ya hao wakubwa.

Na sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hata kupotea na kuharibika kwa data kuwa uvunjaji wa usalama wake, si wizi peke yake. Mtu asiyeruhusiwa akiichukua, Kamishna wa Data apewe taarifa ndani ya saa 72. Je, kuna aliyetuambia sisi wenye majina kwenye lile buku? Hata tangazo la kubandika mlangoni hamna.

Lakini kuchukua, wanajua! 2019 tulipanga foleni ya Huduma Namba, ile namba moja ya utambulisho na kadi yake, tukatoa vidole vyote kumi. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema utoaji wa zile kadi haukuwa halali kwa sababu hawakutathmini kwanza athari zake kwa data za watu. Ikaja Maisha Namba kuchukua nafasi yake. Vidole ni vilevile, jamani, sina vingine.

Julai 2023 eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ikashambuliwa na wadukuzi, hata tiketi za treni zikayumba. Waziri wa mawasiliano wa wakati huo, Eliud Owalo, akakiri shambulio, akasema hakuna data iliyopotea. Sawa. Ya kwangu imepotea bila mshambuliaji yeyote, imeliwa na unyevu.

Sijamaliza. Jioni ileile nanunua njugu Mwembe Tayari, nafungua ile koni ya karatasi: fomu ya mtu. Jina kamili, nambari ya kitambulisho, simu, na dole gumba lake limetua vizuri, mistari yote inaonekana. Kwa hiyo cha kuhifadhiwa kimeoza, na cha kuchanwa kimefungiwa njugu. Niliichana vipande vipande nikatia mfukoni, na hizo njugu sikuzila.

Nami niungame. Huduma zote zimesukumwa mtandaoni, na nusu ya wateja wangu ni wazee wasio na simu janja. Paswadi zao ninazo mimi, kwenye daftari la mistari, chini ya mashine ya kulamineti. Wenyewe wananiambia, "Niwekee mwanangu, mimi nitasahau." Usalama wa mtandao wa bibi zenu ni mimi na kufuli la shilingi mia mbili. Sera gani iliyomfikiria bibi huyo? Na intaneti yenyewe imeingilia hapa kwetu, nyaya za SEACOM na TEAMS ziliibukia baharini hapa Mombasa mwaka 2009!

Kama kuna mtu humu ambaye mzee wake aliandikwa katika buku hilo la kijani, miaka ya hamsini, na aliwahi kupiga picha kurasa zake, naomba tuwasiliane. Msiweke picha hapa hadharani, tafadhali. Karani amesema nirudi Alhamisi na kiapo cha wakili, ila kwanza nijaze ombi mtandaoni. Na ada nilipe kwa 222222, paybill ya eCitizen ileile.