LLC ya Wyoming, kazi zote Texas: bado nadaiwa nini?

Mopa_Houston
Wakuu, habari zenu. Nina LLC (kampuni ambayo madeni yake kwa kawaida hayamgusi mmiliki binafsi) niliyoisajili Wyoming mwaka jana kwa sababu ada yao ni ndogo. EIN, yaani namba ya kodi ya kampuni kutoka serikali kuu, ninayo, na dola 60 za mwaka nimeshalipa. Kazi ni usafi wa ofisi, wateja wote wako Houston, na mwezi ujao naajiri watu wawili. Je, Texas nao wananidai kitu? Nikikaa kimya kuna madhara gani?

Daftari_Wazi
Wanakudai, mkuu. Kinachoangaliwa ni mahali kazi inapofanyika, cheti kimetoka wapi ni habari nyingine. LLC ya Wyoming yenye wateja wa kudumu Texas ni kampuni ya nje ya jimbo, na lazima isajiliwe kwa Katibu wa Jimbo la Texas kwa Fomu 304. Ada yake ni dola 750. Ukipitisha siku 90 tangu uanze kazi bila kusajili, unaongezewa dola 750 nyingine kwa kila mwaka uliochelewa, hata kama ni kipande cha mwaka. Mikataba yako haiwi batili, ila mteja akigoma kulipa huwezi kumshtaki katika mahakama za Texas mpaka usajili ukamilike. Hapo ndipo wengi hushtuka.

Sasa linganisha: kuanzisha LLC mpya Texas kwa Fomu 205 ni dola 300, na huko Wyoming hutalipa tena kila mwaka. Kwa biashara ya jimbo moja, sioni sababu ya kubaki na kampuni ya Wyoming. Lakini LLC mpya ni mtu mpya kisheria: EIN mpya, akaunti mpya ya benki, bima mpya, na kila mteja asaini mkataba upya kwa jina jipya. Ya zamani uivunje rasmi baada ya kumaliza madeni yake. Usidhani kuifunga kunafuta ilichodaiwa na Texas kwa kipindi ilichofanya kazi.

Ritani_Kwa_Wakati
Naongezea upande wa kodi, maana ndiko pesa nyingi zinakopotea. Texas inatoza kodi ya mauzo kwenye usafi wa majengo. Ni asilimia 6.25 ya jimbo, na pamoja na ya mji hufika 8.25. Kibali cha kukusanya kodi hiyo kinatolewa bure na Comptroller, yaani ofisi ya kodi ya jimbo, ambaye ni ofisi tofauti kabisa na Katibu wa Jimbo. Kujisajili kwa mmoja hakumjulishi mwingine kwa niaba yako.

Kwenye ankara andika kodi mstari wake peke yake: huduma dola 400, kodi dola 33, jumla 433. Hiyo 33 si yako. Iweke kando siku ile ile inapoingia.

Kama umekuwa ukitoza wateja bila kodi, Comptroller ana utaratibu wa kujitangaza kwa hiari unaoweza kukuondolea faini, ila sharti uwahi kabla hawajakuandikia wao. Anza na hilo kabla ya kuomba kibali.

Kisha kuna kodi ya franchise, yaani kodi ya jimbo kwa kampuni zinazofanya biashara Texas, kila Mei 15. Kwa mapato ya biashara ndogo hutalipa kitu, na tangu 2024 walio chini ya kiwango hawawasilishi tena ritani (fomu ya kutangaza kodi) ya kutodaiwa. Ila taarifa ya umma ya wamiliki, Fomu 05-102, bado ni lazima. Ukiiruka, kampuni inanyang'anywa haki ya kufanya biashara, na madeni yanaweza kukugeukia wewe binafsi.

Mopa_Houston
Asanteni sana. Mwezi nisiopata kazi hata moja, ritani ya mauzo niiruke?

Ritani_Kwa_Wakati
Hapana. Jaza sifuri na uitume kabla ya tarehe 20 kupita. Kila ritani inayochelewa ni dola 50, hata kama kodi ni sifuri.

Mama_Mafaili
Kwa hao wafanyakazi wawili: Fomu I-9, ya kuthibitisha kuwa wanaruhusiwa kufanya kazi Marekani, ikamilike ndani ya siku 3 za kazi tangu waanze, na majina yao yaripotiwe kwa jimbo ndani ya siku 20. Ukilipa mishahara ya dola 1,500 ndani ya robo mwaka, una siku 10 za kujisajili Texas Workforce Commission, tume ya ajira ya jimbo, kwa kodi ya ukosefu wa ajira. Bima ya ajali kazini si lazima Texas kwa mwajiri binafsi, lakini usipokuwa nayo unatakiwa kulitaarifu jimbo kila mwaka kati ya Februari 1 na Aprili 30.

Jambo la mwisho, wakala wako wa usajili, yaani anayepokea hati rasmi kwa niaba ya kampuni. Awe na anwani ya mtaa ndani ya Texas, si sanduku la posta, na awepo saa za kazi. Ukishtakiwa, hati zinapelekwa kwake, na jibu lazima lifike mahakamani kabla ya saa 4 asubuhi ya Jumatatu inayofuata baada ya siku 20 kupita. Wakala akihama bila wewe kubadilisha anwani, unaweza kuhukumiwa bila kusikilizwa.

Na ukipata barua inayodai pesa za ripoti ya wamiliki ya FinCEN (kitengo cha Hazina ya Marekani kinachopambana na uhalifu wa fedha), itupe. Tangu Machi 2025 kampuni zilizoundwa Marekani zimeondolewa wajibu huo.