Bayocha (makaa ya kuboresha udongo) kwenye shamba lisilopumzika: niweke kiasi gani?

Sukuma_Dagoretti: Wadau, shamba langu la sukuma wiki hulimwa mfululizo. Udongo mwekundu, pH (kipimo cha asidi) 5.2, yaani una asidi, ukikauka unakuwa mgumu. Nimepata magunia ya vumbi la makaa kwa muuza makaa. Naweza kumwaga moja kwa moja?

Mboji_Tu: Hapana. Makaa matupu hushika naitrojeni na sukuma itageuka njano. Changanya debe moja la makaa na debe moja la samadi iliyooza, mwagia maji hadi yalowe, funika wiki 2 hadi 4, ukigeuza kila wiki. Kipimo: kilo 1 ya makaa makavu kwa mita moja ya mraba, yaani tani 10 kwa hekta. Chimbia sentimita 10 hadi 15. Yakiachwa juu, upepo na mvua vitayabeba.

Fundi_Shimo: Vumbi la kununua huwa na mchanga mwingi. Tia konzi kwenye ndoo ya maji: mchanga huzama upesi, makaa mengi huelea. Bora uchome magunzi makavu mwenyewe. Chimba shimo la umbo la faneli, washa, na kila jivu jeupe likianza kuonekana ongeza tabaka jingine. Mwishoni zima kwa maji mengi, hadi chini kabisa. Moto ukibaki ndani, asubuhi utakuta majivu.

Pima_Kwanza: Kwa pH hiyo chokaa bado inahitajika, bayocha hupandisha kidogo tu. Samadi usiache. Wenye udongo mweusi wa Ruai, pimeni pH kwanza, ikiwa juu tayari mtaiharibu zaidi.