Kuelea, kulazwa au kufungwa: daraja la tremolo lirekebishwe vipi?

Msomi wa Freti (mwanzilishi wa mada)

Salamu kwenu nyote. Nina gitaa la umeme la muundo wa Stratocaster wa kampuni ya Fender, lenye daraja (bamba linaloshika nyuzi mwilini) linaloshikwa na skrubu sita kwa mbele na springi tatu kwa nyuma, ambalo hivi karibuni nililifunga nyuzi za 10 hadi 46 (unene kwa elfu za inchi) badala ya zile za 9 hadi 42 nilizolikuta nazo. Tangu siku hiyo ukingo wa nyuma wa daraja umenyanyuka kiasi kwamba penseli inakaribia kupita chini yake, nyuzi zimekuwa juu mno ya freti (vile vijiti vya chuma vya shingoni), na kila ninapobonyeza mkono wa tremolo, yaani kile kijiti cha kuinamisha daraja ili kubadilisha sauti, sauti hairudi mahali pake. Nimeelezwa njia tatu: kuliacha daraja lielee kwa kipimo maalumu, kulilaza juu ya mwili wa gitaa, au kulifunga kabisa kwa kipande cha mbao. Mkono nautumia hasa kutikisa kordi mwishoni mwa mstari, na katika solo huvuta nyuzi sana kwa vidole. Naomba ulinganisho kutoka kwa waliozijaribu njia hizi kwa mikono yao wenyewe.

Fundi wa Nyuzi

Ndugu Msomi, kabla ya kulinganisha njia, tuelewane kwanza juu ya kilichotokea. Daraja hilo ni mizani: upande mmoja nyuzi zinalivuta kuelekea shingoni, na upande wa pili springi zinaivuta ile bloku ya chuma iliyo chini yake. Seti ya 9 hadi 42 huvuta kwa takribani kilo 38, ilhali seti ya 10 hadi 46 huvuta kwa takribani kilo 46. Umeongeza kilo nane upande mmoja bila kugusa upande mwingine, kwa hiyo lazima daraja linyanyuke.

Daraja linaloelea hukupa kushusha na kupandisha sauti, lakini hulipiwa gharama. Ukivuta uzi wa G kwa kidole huku uzi wa jirani ukilia, ule wa jirani hushuka, kwa sababu daraja zima limeinama mbele. Uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo, mitano iliyobaki hupanda yote kwa pamoja na huna la kufanya ila kunyamaza. Daraja lililolazwa hushusha sauti tu, lakini kiganja chako kikiliegemea halitikisiki, na uzi ukikatika mingine hubaki ilipokuwa. Lililofungwa kwa mbao ni imara kuliko yote, ila mkono wa tremolo hauna kazi tena na unaweza kuutunza kwenye mkoba.

Kwa mchezo ulioueleza, mimi ningelilaza.

Kidole Gumba

Naheshimu maoni ya Fundi, ila ninaona amelihukumu daraja linaloelea kwa makosa ya wanaolirekebisha vibaya. Mpiga gitaa Jeff Beck alilipigia daraja la aina hiyo miaka mingi, akilitikisa kwa wepesi ambao huwezi kuupata kwenye daraja lililolala, kwa sababu lililolala linakwenda upande mmoja tu na mtikisiko wake huwa ni wa kushuka na kurudi, si wa kuzunguka noti yenyewe.

Mwongozo wa Fender kwa Stratocaster unataja mwanya wa milimita 3.2 kati ya ukingo wa nyuma wa daraja na mwili. Ondoa kifuniko cha plastiki nyuma ya gitaa, utaona kibamba cha chuma kinachoshika springi, kimeshikwa kwa skrubu mbili ndefu zilizoingia kwenye mbao. Tyuni nyuzi zote, pima mwanya, kisha kaza kila skrubu nusu mzunguko. Tyuni tena, pima tena. Usikaze mizunguko mitatu kwa mkupuo kwa kuwa umechoka kurudia. Hapo ndipo watu wengi huharibu, kwani kila unapogusa springi nyuzi zote sita hubadilika, na kila unapotyuni uzi mmoja mitano mingine husogea kidogo.

Ipo njia ya mkato ambayo hunipunguzia usumbufu. Ninachonga kabari ya mbao laini na kuiingiza kati ya bloku na ukuta wa nyuma wa shimo, ule ulio mbali na shingo, mpaka daraja likae kwenye urefu ninaoutaka. Natyuni nyuzi daraja likiwa limeshikiliwa hivyo, halafu nakaza skrubu taratibu hadi kabari ilegee na kudondoka yenyewe. Ikidondoka, mizani imelingana.

Solo ya Usiku

Nimepiga kwa daraja lililofungwa kwa miaka kadhaa, nikifuata mtindo wa mpiga gitaa Eric Clapton, ambaye huweka springi tano na kipande cha mbao nyuma ya bloku. Sauti haihami, hilo ni kweli. Hata hivyo nililifungua mwishowe, kwa sababu kila nilipomaliza kordi ndefu mkono wangu ulikuwa ukiutafuta ule wa tremolo bila mimi kujua.

Wakati wa kulaza, swali la msingi ni kukaza kiasi gani. Ukikaza kupita kiasi, mkono unakuwa mgumu kama mpini wa jeki. Kaza hadi daraja liguse mwili, kisha uvute uzi wa G kwa toni moja na nusu huku ukiutazama ukingo wa nyuma. Ukinyanyuka, ongeza robo mzunguko. Usiponyanyuka, acha hapo hapo. Kumbuka pia kwamba daraja likishuka nyuzi nazo hushuka juu ya freti, kwa hiyo utalazimika kuviinua vile vikalio vya nyuzi na kupima upya usahihi wa sauti kwenye freti ya 12.

Bomba la Mvuke

Nyongeza ndogo kuhusu mkono wenyewe, maana hakuna aliyeugusa. Ukiwa unachezacheza kwenye tundu lake, usiukaze kwa nguvu, kwani unaweza kukatikia ndani na kukutesa kuutoa. Zungushia uzi wa skrubu yake utepe mweupe wa mafundi bomba, mara mbili au tatu, nao utakaa pale utakapouweka.

Msomi wa Freti

Nashukuru sana. Ndugu Fundi, nikishusha uzi wa E mnene hadi D kwa nyimbo mbili tatu, njia ipi inavumilia? Na je, niongeze springi ya nne?

Fundi wa Nyuzi

Kwenye daraja linaloelea, ukiulegeza uzi huo mingine yote hupanda, nawe utatyuni gitaa zima upya kati ya wimbo na wimbo. Lililolazwa halijali.

Kuhusu springi, watu hudhani nyingi zaidi ndizo zenye nguvu zaidi, ilhali kwa daraja linaloelea jumla ya nguvu ni ile ile, kwa kuwa lazima ilingane na nyuzi. Kinachobadilika ni ugumu: springi nne zilizovutwa kidogo huufanya mkono uwe mzito na daraja lisitikisike ovyo unapovuta nyuzi, mbili zilizovutwa sana huufanya mwepesi lakini mwenye wasiwasi. Kwa kulaza daraja lenye nyuzi za 10, springi nne zinatosha.

Lakini nina shaka na jambo moja. Ulisema sauti hairudi mahali pake. Bonyeza mkono, uachie, upime uzi wa G. Kisha uvute kwa kidole, uachie, upime tena. Ukirudi juu mara ya kwanza na chini mara ya pili, kosa si la springi. Uzi unakwama kwenye mfereji wa kile kizingiti kilicho kati ya shingo na kichwa, hasa kwa kuwa umeweka nyuzi nene kwenye mifereji iliyochongewa nyembamba.

Msomi wa Freti

Nimerejea. Nimeweka springi ya nne na kulilaza daraja kwa kipimo cha Solo ya Usiku. Robo mzunguko mara tatu, likatulia. Uzi wa G uliendelea kurudi juu baada ya mkono na chini baada ya kidole, kama Fundi alivyosema, na nilipoukaza polepole nikasikia mlio mdogo wa "tik" kizingitini. Niliulegeza, nikautoa kwenye mfereji, nikaupanua mfereji huo kidogo sana kwa msasa laini uliokunjwa, nikapaka unga wa risasi ya penseli. Mlio umekoma, na sauti inarudi. Kifuniko cha nyuma sijakirudisha, maana bado ninautazama uzi wa B kwa jicho la mashaka.